Ukijidunga Sindano Kazini, Usinyamaze

Saa tisa usiku, wodi ya wanaume, Kisumu. Mgonjwa alikuwa akitapatapa, dada yake amemshika mkono. Nilichomoa sindano ya kanula, ule mrija wa dripu, nikaiweka kwenye trei ili niufunge mrija kwa plasta kwanza. Nilipoinua trei, sindano ikanichoma kidole gumba kupitia glavu. Damu iliyotoka ilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Nikanawa, nikavaa glavu nyingine, nikaendelea na kazi.

Sikumwambia mtu. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, na niliona aibu: miaka tisa kazini, nijidunge kama mwanafunzi? Ukweli ni kwamba niliogopa pia kupimwa. Asubuhi tukikabidhi zamu, mwenzangu akaona plasta. "Sista, hicho kidole kimefanya nini?" Nilianza kulia. Yeye ndiye aliyenipeleka kuanza PEP, yaani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya ajali kama hiyo, saa nne zikiwa zimeshapita.

Dada na kaka zangu, saa hizo nne msizipoteze. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue kidole, usipake Jik. Kisha mwambie msimamizi papo hapo. PEP hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema, na saa 72 zikipita haitolewi tena. Humezwa siku 28. Mimi kichefuchefu kilinitesa wiki mbili, lakini nilimaliza.

Wengi wetu tunahofia Ukimwi tu. Damu yenye virusi vya Ukimwi ikikuchoma, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kwa 1,000. Homa ya ini aina ya B, kwa ambaye hajachanjwa, inaweza kufika 30 kwa 100! Na chanjo ipo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Nawajua wauguzi walioishia dozi ya kwanza. Tafadhali, rudini mkamalize.

Hakikisha pia tukio limeandikwa. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inakulinda, ila bila maandishi utadai kwa lipi?

Siku hizi kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika nakwenda nacho hadi kitandani, na kikijaa robo tatu nakifunga. Wanafunzi wakija wodini, kabla sijawaonyesha faili hata moja, nawaonyesha kisanduku, kitabu cha matukio, na kabati ambamo PEP huwekwa usiku.