Kabla hujaenda kortini kusahihisha wosia wa marehemu

Wosia wa baba ulipofunguliwa, kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa namba ya shamba alilomwachia dada yetu mkubwa. Badala ya 241 iliandikwa 214, na 214 ni shamba la jirani. Kaka yetu mmoja akashika kalamu: "Si sote tunajua alimaanisha lipi? Turekebishe tu." Shangazi akamnyang'anya karatasi.

Shangazi hajasomea sheria, lakini alikuwa sahihi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinasema badiliko lolote kwenye wosia uliokwisha kusainiwa halina nguvu, ila nalo lisainiwe na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Marehemu atasaini vipi? Tena ukikwaruza hapo, anayetaka kuupinga wosia hatahangaika na namba. Atasema wote umeghushiwa.

Kwa hiyo acha kosa lilivyo, ukusanye ushahidi. Sisi tulienda ofisi ya ardhi tukapata rekodi rasmi ya mashamba yote mawili, tukatoa hati miliki kwenye sanduku la mzee, na mmoja wa mashahidi wa wosia akala kiapo. Aliyetufaa kuliko wote ni jirani: aliapa kwamba 214 ni lake na hakuwahi kumuuzia baba hata hatua moja. Sheria yenyewe haina ukali hapo. Maneno ya wosia yakionyesha wazi kilichokusudiwa, kukosea jina au maelezo hakuufuti urithi.

Kuna kosa la aina nyingine, ambalo watu hulichanganya na hili: wosia uko sawa, ila granti, yaani hati ya korti inayomruhusu mtu kusimamia mali ya marehemu, ina jina lisilolingana na kitambulisho, au tarehe ya kifo imekosewa. Hilo hurekebishwa kwa ombi chini ya kifungu cha 74, na ni jambo dogo. Lisilo dogo ni kupenyeza mrithi mpya au kubadilisha mgao kwa jina la "marekebisho". Majaji wameuona mchezo huo mara nyingi na huutupa nje.

Hata penye kosa la wazi kabisa, watu hupelekana mbali. Uingereza, mume na mke walisaini mwaka 1999, kila mmoja akatia saini wosia wa mwenzake kwa bahati mbaya. Kijana waliyemlea kama mwana alishindwa katika mahakama mbili kabla Mahakama ya Juu haijampa haki mwaka 2014, kwenye kesi ya Marley dhidi ya Rawlings. Mali yenyewe ilikuwa kama pauni 70,000 tu.

Na kama tatizo lako ni kwamba marehemu alikuacha nje kabisa, usiliite kosa. Ukiwa mke, mume, mtoto au tegemezi wake, omba fungu lako kupitia kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo ya Kenya, na uombe kabla granti haijathibitishwa. Ikishathibitishwa, kifungu cha 30 kinakufungia mlango huo.