Muzee anajibu: Tshombe alikata inchi, kisha wakamupa inchi?

SWALI: Muzee jambo sana. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya (ile ya kwetu, si ile ya Nairobi). Kwetu tunabishana juu ya Moïse Tshombe, nkambo anasema alikuwa prezida wa kweli, yaya anasema alikuwa muuza inchi. Sasa miye nauliza, mtu alikata Katanga 1960, namna gani 1964 akakuwa waziri mkuu wa Kongo yote? Na juu ya nini kaburi yake iko Ubelgiji?

JIBU: Mwanangu, anzia kwa baba yake. Mzee Joseph Kapend Tshombe alikuwa kati ya weusi wenye pesa zaidi Katanga nzima wakati wa Wabelgiji, mabutike, makamiyo. Moïse, aliyezaliwa Musumba 1919, alisoma kwa Wametodisti, akashika biashara ya baba, ikamufia mkononi, ndipo akageukia politiki. Tena ni ukoo wa kifalme wa Walunda, na bibi yake Ruth alikuwa binti ya Mwant Yav, ndiye mfalme wa Walunda. Lakini miye kila nikisoma maisha yake naona mtu wa butike, mtu wa kupatana bei.

Uchaguzi wa Mei 1960 chama chake CONAKAT kilipata viti 8 tu kati ya 137 vya bunge kule Léopoldville (ndiyo Kinshasa ya leo). Tarehe 11 Julai, uhuru una siku 11 tu, akatangaza Katanga ni inchi peke yake. Union Minière, ile kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ikawa inalipa kodi Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), askari Wabelgiji wako nyuma yake, ila hakuna inchi hata moja iliyoitambua, hata Ubelgiji wenyewe! Pesa walipiga. Kuna mama mmoja alinionyesha franga 5 ya 1961, anaifunga ndani ya kitambaa pamoja na shanga zake: upande mmoja mkungu wa ndizi, upande mwingine ule msalaba wa shaba wa wazee wetu.

Sasa hapa nkambo atanyamaza. 17 Januari 1961 Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito waliteremshwa hapa uwanja wa ndege wa Luano, wakapigwa, na usiku uleule wakauawa kwa risasi porini. Serikali ya Katanga ilikuja kusema eti walitoroka wakauawa na wanakijiji. Bunge la Ubelgiji lilichunguza, na 2001 likasema Tshombe na mawaziri wake walikuwa palepale. Hiyo hata miye sina namna ya kumutetea.

Januari 1963 ONU (Umoja wa Mataifa) ikamaliza Katanga yake, akaenda Uispania. Swali yako njo inajibiwa hapa: 1964 muasi Mulele amewasha moto Kwilu, waasi wengine, Wasimba, wanapanda mashariki, askari wa ONU wanafunga mizigo, na jeshi la serikali linakimbia tu. Prezida Kasa-Vubu alihitaji mtu mwenye marafiki Bruxelles na mwenye wale jandarme, askari wake wa zamani wa Katanga, waliokuwa wanangoja Angola, na huyo alikuwa mmoja tu. Hawakumusamehe, walimununua, na yeye bei alikubali. Julai 1964 akakuwa waziri mkuu, akaleta mamluki weupe, Novemba Wabelgiji wakaruka na parashuti Stanleyville (Kisangani ya leo). Afrika ilimuchukia vibaya sana, Oktoba alifika Cairo kwenye mkutano wa inchi zisizofungamana, wakamufungia ndani ya jumba asifike ukumbini.

1965 akashinda uchaguzi, Kasa-Vubu akaogopa kivuli chake, akamufukuza Oktoba, na 24 Novemba Mobutu, mkubwa wa jeshi, akapindua serikali.

Akarudi Uispania. 1967 korti ya Kinshasa ikamuhukumu kifo yeye hayupo, na 30 Juni, angalia tarehe, siku ya uhuru wetu, Mfaransa mmoja Francis Bodenan alitoa bastola ndani ya ndege ya kukodi aliyopanda Tshombe, ikaenda kutua Aljeria. Aljeria haikumupa Mobutu, haikumuachilia pia. Alifia kulekule 29 Juni 1969, wakasema ni moyo, hata miaka 50 hakufikisha. Mobutu ndiye alikuwa anatawala hapa, basi familia wakamuzika upande wa Bruxelles, makaburi ya Etterbeek.

Yaya anasema muuza inchi, miye nasema alikuwa muuzaji tu, inchi ilikuwa moja ya vitu vilivyokuwa butikeni. Muulize nkambo unga ulikuwa franga ngapi wakati ule wa pesa ya ndizi, hiyo atakujibu vizuri kunipita.