Makaburi na majalada ya zamani: maswali yenu

Babu wa baba yangu alichukuliwa upagazi Vita vya Kwanza, hakurudi. Nimepita makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, jina lake halipo. Nimtafute wapi? (Msomaji, Temeke)

Pole sana, ndugu yangu. Makaburi yale hayakuwa pale tangu mwanzo: mwaka 1968, makaburi 660 ya vita ile yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara. Ila wapagazi, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wengi hawakupata jiwe wala jina. Wao wanakumbukwa kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Na lipo jina la mtaa wa Kariakoo: ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililopita midomoni mwa wenyeji. Huniuma kila ninaposikia kondakta akilinadi.

Usianzie Nyaraka za Taifa, Upanga. Anzia kwa shangazi na wazee wa ukoo: alichukuliwa kijiji gani, jumbe wake nani, aliitwaje kabla ya kubatizwa au kusilimu? Majalada ya serikali yamepangwa kwa ofisi na wilaya, si kwa ukoo. Ukienda na wilaya na miaka, mhudumu atakuwa na pa kuanzia.

Kaburi limeandikwa 1290. Kweli lina zaidi ya miaka mia saba? (Msomaji, Mbagala)

Hapana, huo ni mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622: unapata 1873, miaka mitatu baada ya kufa Sultani Majid aliyeuanzisha mji huu wa Dar es Salaam.

Sijui Kijerumani. Nyaraka za zamani zitanifaa nini? (Msomaji, Ilala)

Zipo za Kiswahili, nyingine kwa herufi za Kiarabu. Mtafute mwalimu wa madrasa akusomee. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lina barua za watu wa kawaida kutoka mikoani. Mimi hulipenda kuliko ripoti za wakuu wa wilaya.

Nipake chaki ili maandishi ya kaburi yasomeke? (Msomaji, Tegeta)

Tafadhali usipake. Wala usisugue kwa brashi ya waya. Nenda asubuhi jua likiwa chini. Mwanga wa ubavuni huziinua herufi zenyewe.

Wewe uko karibu na Kunduchi, kwenye makaburi ya nguzo yaliyopambwa sahani za Kichina. Nilipoinama pale niliona duara tupu kwenye chokaa, na alama ya ukingo wa sahani bado imo, mtu aliibandua. Ingia kwa salamu, omba ruhusa kwa wazee wa mahali, usiguse kitu. Piga picha ya kaburi zima, kisha ya maandishi, andika liko upande gani wa msikiti, na nakala moja uwaachie wazee hao.