Ukianza kushika kesi za ndoa zenye kipigo

Wengi wenu mnaoanza kazi kwenye vituo vya msaada wa kisheria hapa Tanzania mnakuja na moto wa haki za wanawake, na moto huo tunauhitaji. Ila mama akija ofisini jicho limevimba, msiishie kwenye kipigo. Muulizeni na nyumba ni ya nani.

Kipigo na mali ni kesi moja. Mama anarudi kwa mume kwa sababu kiwanja kina jina la mume, watoto wanasoma mtaa uleule, na yeye akiondoka anaondoka na begi la nguo. Wanazuoni wa sheria wanaotetea usawa wa wanawake wamelisema hili miaka mingi: ukiuliza "mbona hakuondoka?" umeshamhukumu aliyepigwa. Uliza angekwenda wapi na angekula nini, hapo ndipo kesi inaanza kuonekana.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ina silaha za kutosha kuanzia. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Cha 59 kinakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi mwingine, na kama ardhi imesajiliwa mama anaweza kuweka zuio hata kama jina lake halimo kwenye hati. Wahini hilo mapema, kabla mume hajapata mnunuzi. Cha 114 ndicho cha mgawanyo wa mali: mahakama inapima mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi.

Kazi ipi? Hapo majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika, baadhi wakiona kupika na kulea ni wajibu wa mke basi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikaamua kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hukumu hiyo wanafunzi wa sheria wanaikariri, lakini isomeni mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia, ambazo mahakama iliona amezitapanya, zilihesabiwa kuwa ndiyo fungu lake. Kanuni ikashinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu. Mimi huniuma kila nikiisoma.

Ndiyo maana nawasisitizia maelezo ya mteja. Atawaambia, "Mimi nilikuwa nakaa tu nyumbani." Msiliandike hivyo mkaendelea. Nyumba ilipojengwa, nani alichota maji ya zege? Mafundi walikula kwa nani, siku ngapi kwa wiki? Fedha za vitumbua zilikwenda ada ya mtoto wakati mshahara wa mume unanunua bati? Mkopo wa kikoba ulifanya nini? Kuna mama mmoja alijibu maswali ya namna hii mpaka akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe nimejenga." Daftari la kikoba, risiti ya saruji iliyokunjwa ndani ya kanga, jirani aliyemwona akibeba tofali: huo ni ushahidi, utafuteni kabla haujapotea.

Upande wa kipigo, mpelekeni dawati la jinsia na watoto la polisi, apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na abaki na nakala. Na kabla hamjampigia simu, muulizeni nani mwingine anaishika simu yake na saa ngapi ni salama.

Baraza la usuluhishi la ndoa linahitaji uangalifu zaidi. Kwa kawaida ombi la talaka halipokelewi bila hati ya baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baadhi ya wajumbe humwambia mama akavumilie. Kifungu cha 101 kinaruhusu mahakama kuondoa sharti hilo pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida; kama maisha yake yako hatarini, ombeni, na mweke ushahidi wa hatari yenyewe. Akipitia barazani, ikagueni hati kabla ya kuiwasilisha: imesainiwa, na inasema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana? Hati yenye kasoro inaweza kuiangusha kesi hata kwenye rufaa, mama akaanza upya huku bado analala nyumba moja na anayempiga.