Maswali yenu ya sura: mwanya, pua na zile app

Wiki hii naona wote mmekaa mbele ya kioo. Haya tuanze.

*Nina mwanya, nizibe?*
Uzibe ili iweje? Wenzio wanautamani huo.

*App imenipima uwiano wa dhahabu ikanipa 62 kwa 100, nifanyeje?*
Futa app. Nimesema mpaka nimechoka, huo uwiano wa dhahabu, yaani kipande kirefu kuwa mara 1.618 ya kifupi, ni wa kwenye jometri, hakuna ushahidi wa maana kwamba macho ya watu huwa yanautafuta usoni. Na ikishakupa alama mbovu, angalia chini yake inakuuzia nini.

*Mbona kwenye kioo niko poa ila kwenye selfie pua kubwa?*
Angalau hili swali. Simu ukiishika sentimita 30 toka usoni, pua inakuwa karibu na kamera kuliko masikio, lazima ivimbe, madaktari Marekani walipiga hesabu 2018 wakakuta inaonekana pana zaidi kwa kama asilimia 30 kuliko ukipigwa toka mita 1.5. Mpe mtu simu arudi nyuma hatua mbili avute zoom, utaona. Halafu kioo kinakugeuza kulia kushoto, na hiyo sura ya kioo ndo uliyoizoea, kuna jaribio la 1977 watu walipenda picha yao iliyogeuzwa kama kioo, marafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Na kuna mtu saa hizi anadunduliza hela akachongwe pua, kosa la lenzi!

*Kwahiyo uzuri ni nini, au kila mtu na macho yake?*
Yote mawili. Galton, mwanasayansi Mwingereza, 1878 alizipandanisha picha za wahalifu akitafuta sura ya uhalifu, ikatoka sura nzuri kuliko ya yeyote kati yao. 1990 wanasaikolojia wa Marekani, Langlois na Roggman, wakachanganya sura 32 kwa kompyuta, kitu kilekile. Ubongo unapenda sura ya katikati ya zile ulizoziona, sasa wewe unayeshinda unaangalia sura za filta kutwa nzima, mi naona hiyo katikati yako imeshahama, ndo maana mtaani huoni mzuri.

*Krimu gani inang'arisha kidogo tu bila madhara?*
Tena? Kila mtu wa mkorogo alianza na hiyo "kidogo tu". Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya makopo hayo inakwenda kwenye figo, na uso ukikubali kung'aa, viungo vya vidole vinakataa, ukitaka kujua nenda saluni yoyote uangalie mikono, sio sura.