Laiki 1,900, wanunuzi 8: niongeze pesa ya matangazo?

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara wa Katuba, hapa Lubumbashi. Ninauza samaki waliokaushwa kutoka Kasenga, ninawafunga pakiti za kilo moja. Pakiti ni dola 10. Nikitoa pesa ya samaki, usafiri na vifungashio, ninabaki na dola 3. Pikipiki analipa mteja. Mwezi uliopita nilimpa kijana mmoja dola 40 anilipie posti za Facebook kwa kadi yake. Laiki zilifika kama 1,900, watu 60 hivi wakaniandikia WhatsApp, lakini walionunua ni 8 tu. Kijana anasema nikitoa dola 100 mambo yatafunguka. Nitoe? Na nikitoa, afanye nini ili wanunuzi waongezeke?

JIBU: Mama, asante kwa kuweka hesabu yako wazi. Wengi huuliza swali hili bila kutaja hata bei ya bidhaa yao. Kwa hesabu uliyonipa, dola 100 usizitoe kwa sasa.

Gawa dola 40 kwa wanunuzi 8: kumpata kila mmoja kumekugharimu dola 5. Pakiti inakuachia dola 3. Kwa hiyo kila mteja mpya aliyenunua pakiti moja na kunyamaza amekutia hasara ya dola 2, jumla dola 16. Ukiweka dola 100 huku mengine yakibaki vilevile, utapata wanunuzi kama 20 na hasara itafika dola 40. Na kama kijana anachukua chochote kwa kutumia kadi yake, nacho kiingize humo. Ni gharama ya tangazo.

Hiyo lakini ni hesabu ya ununuzi wa kwanza tu. Samaki huliwa wakaisha, na mtu aliyewapenda atawataka tena. Mteja akirudi mara mbili bila wewe kulipia tangazo jingine, amekuachia dola 9 kwa zile 5 ulizomtafutia. Hapo biashara inasimama. Namba ninayoitaka kuliko zote katika barua yako haimo: kati ya wale 8, wangapi wamerudi? Kaa na simu yako jioni hii, pitia meseji zao mmoja mmoja, uandike daftarini. Laiki 1,900 ziache, hazina kazi katika hesabu hii.

Sasa tuangalie wale 52 walioandika wasinunue. Hawa umeshawalipia. Wametoka Facebook, wakafungua WhatsApp, wakakuuliza. Ukiweza kuwageuza 8 wengine kati yao kuwa wanunuzi, gharama ya kumpata mteja inashuka kutoka dola 5 hadi 2.5, bila kuongeza hata franka moja. Hakuna tangazo litakalokupa nafuu kama hiyo, ndiyo maana naanzia hapa.

Soma mazungumzo hayo kama vile wewe ndiye mteja. Mara nyingi utakuta hivi: mtu ameandika saa sita na nusu mchana, "Mama, bei gani?" Jibu limetoka saa mbili usiku: "Dola 10." Basi, mazungumzo yamekufia hapo. Saa ile alikuwa anafikiria chakula cha jioni, usiku ameshakula. Na hata kama angejibiwa mapema, "dola 10" peke yake haimwambii ni kiasi gani, samaki watamfikia lini, wala afanye nini ili awapate.

Jaribu jibu la namna hii: "Habari mama. Pakiti ya kilo moja, samaki wa Kasenga waliokaushwa, ni dola 10, au franka kwa kiwango cha leo. Jioni hii pikipiki inapita Bel-Air na Kalubwe. Nikuwekee pakiti ngapi?" Bei ipo, kipimo kipo, siku ipo, na mwisho kuna swali linalojibika kwa neno moja. WhatsApp Business ni programu ya bure, na inakuruhusu kuhifadhi majibu ya haraka kama hili ukayatuma kwa kugusa mara mbili. Ina pia ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa haupo, na katalogi ya kuweka picha na bei. Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida kwa biashara, hamia huko wiki hii. Namba yako na mazungumzo yako vitahama pamoja nawe.

Bei iandike pia kwenye posti yenyewe. Najua wauzaji wengi wa hapa hupenda kumwambia mtu "njoo inbox", wakiamini watamshawishi huko. Mimi sikubaliani kabisa na desturi hii kwa bidhaa ya dola 10. Inakujazia simu watu ambao bei ingewaondoa mapema, na inamfukuza mwenye pesa mkononi lakini hana muda wa kuulizana.

Kuna na hofu. Mtu asiyekujua anaogopa kulipa kabla ya kuona, na wewe unaogopa pikipiki kwenda bure. Kwa mteja mpya ningefanya hivi: nauli ya pikipiki aitume kwanza kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, pesa ya samaki ailipe akishaipokea pakiti. Atakayekataa hata kutuma nauli, huenda hakuwa mnunuzi. Na jina linalotokea kwenye simu yake anapotuma pesa liwe lilelile uliloandika kwenye ukurasa wako, maana jina geni hapo humfanya mtu aghairi.

Hayo yakishakaa sawa, ndipo tangazo. Kabla ya kumpa kijana dola nyingine, mwombe afungue mbele yako sehemu ya Facebook inayoonyesha matangazo yaliyopita, mwangalie pamoja mambo mawili.

Kwanza, lengo. Anayelipia posti huulizwa anataka nini: watu waipende na kutoa maoni, au wamwandikie. Facebook huipeleka posti kwa watu wanaoelekea kufanya kile ulichochagua. Ukichagua laiki, inawatafuta wapenda kulaiki, na wengi wao watakupa hicho hicho. Kwa wingi wa laiki zako nahisi ndicho kilichotokea. Chagueni ujumbe, na namba yako ya WhatsApp iunganishwe na ukurasa. Faida nyingine ni kwamba mazungumzo yaliyoanzia kwenye tangazo hukuonyesha tangazo lenyewe, hivyo unajua mteja ametokea lipi.

Pili, mahali. Kama aliacha nchi nzima, sehemu ya pesa yako imekwenda kuonyesha samaki kwa watu wa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, ambao hata wakikupenda huwezi kuwapelekea pakiti moja kwa pikipiki. Wekeni Lubumbashi peke yake.

Halafu hakikisha ukurasa ni wako. Wewe uwe msimamizi mwenye mamlaka yote, kijana apewe nafasi ya kuendesha matangazo tu. Mkikosana leo au akihamia Kolwezi, usipoteze jina ulilolijenga.

Kuhusu TikTok, video fupi ya kufungua pakiti yaweza kukusaidia, lakini isubiri. Na usinunue wafuasi.

Wale ambao wameshanunua ndio mali yako kubwa, na kuwafikia hakuhitaji kadi ya mtu. Kwenye WhatsApp Business wape lebo: mteja mpya, amelipa, amerudi. Watengenezee orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi (broadcast list), ambayo inapokea hadi watu 256 na kila mmoja anaona ujumbe kana kwamba umemwandikia yeye peke yake. Kuna sharti moja: ujumbe huo humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu. Kwa hiyo ibandike namba juu ya pakiti, na ukishajua mzigo umefika mwandikie, "Mama, hifadhi namba hii, mzigo mpya ukiingia nitakujulisha." Usiwachoshe. Andika unapokuwa na habari ya kweli: mzigo umeingia, mshahara umetoka, bei imebadilika. Katika Novemba una habari kubwa zaidi, kwa sababu upande wa Zambia wa mto Luapula, ng'ambo ya Kasenga, na wa ziwa Moero (Mweru) uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Ukiona mzigo wa Kasenga nao unapungua au unapanda bei, waambie mapema wanaotaka akiba waagize.

Baada ya wiki mbili za kujibu kwa namna hii, toa dola 20. Matangazo mawili, kila moja dola 2 kwa siku kwa siku tano, maneno na bei vilevile, picha tofauti: moja samaki ndani ya pakiti, nyingine samaki sahanini na bukari (ugali) pembeni. Picha zote zipigwe mchana karibu na dirisha. Kila mnunuzi muandike chini ya picha iliyomleta, kisha gawa dola 10 kwa idadi yao. Picha iliyomleta mteja kwa chini ya dola 3 iongezee pesa kidogo kidogo, nyingine izime. Zote zikizidi dola 3, simamisha, uniandikie tena ukiwa na ile namba ya waliorudi.