Maswali ya wasomaji: Kabini za kambi kugeuzwa taimushea, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na ndugu zangu tumerithi kambi ya mapumziko kando ya ziwa, ina kabini 20 za magogo, za zamani sana, vyoo na bafu ni vya pamoja, na wageni wanakuja miezi ya joto tu. Kuna mtu wa biashara ametushauri tuzifanye za kisasa, kila moja na jiko lake na bafu lake, alafu tuuze kwa taimushea, yaani mteja ananunua wiki yake moja ya kila mwaka. Ameshatuchorea mpaka picha za majiko. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni chini ya sakafu ndugu zangu, hizo picha za majiko wekeni pembeni kwanza.

Nasema hivo kwa sababu kazi ya mbao nimeifanya miaka mingi na kabini za namna hii nimeziingia chini kwa tumbo na tochi mdomoni. Chukueni bisibisi ya kawaida, piteni kila kabini mkichoma lile gogo la chini kabisa linalokalia msingi, hasa kona zinazopigwa na maji ya paa. Gogo zima linakataa, bisibisi inaishia kwenye ncha. Gogo lililooza linaimeza mpaka kwenye mpini na ukiivuta inatoka na unga wa kahawia wenye harufu ya uyoga. Nimeona kabini ambayo ukiwa mlangoni unaisifia, sakafu imeng'arishwa, kumbe upande wa nyuma magogo mawili ya chini yamekwisha na nyumba imebebwa na udongo. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu fangasi wa kuozesha hawaiwezi, kwa hiyo kazi yote ya chini ni kuifanya ikauke na ibaki kavu: udongo ushushwe uwe mbali na mbao kama sentimita 20, maji ya paa yapelekwe mbali, hewa ipite. Gogo lililokufa linabadilishwa, nyumba inanyanyuliwa kwa jeki taratibu. Hii kazi haina picha nzuri ya kumuonesha mnunuzi, ndo maana wengi wanairuka.

Cha pili ni maji taka. Hapa naomba mnisikilize sana. Karo mlilonalo lilichimbwa kwa ajili ya bafu la pamoja linalotumika miezi michache, alafu linapumzika mwaka uliobaki, na ile mitaro ya kufyonzea maji inapata muda wa kukauka. Sasa mkiweka kabini 20 zenye bafu, jiko, mashine ya kufulia na pengine beseni la maji moto nje, tena zenye watu karibu mwaka mzima, ile ardhi haipumziki tena. Ikijaa maji yanatafuta njia, na njia mnayo hapo mbele, ziwa lenyewe ambalo ndo mnaliuza. Mwiteni mtaalamu apime udongo unafyonza kiasi gani kabla hamjaamua idadi ya kabini. Inawezekana ardhi ikasema 12 na sio 20, na mkisikia hivo msibishane nayo.

Joto nalo lina mambo yake. Kabini iliyozoea kukaa baridi msimu mzima mkianza kuipasha moto mfululizo magogo yanakauka zaidi ya yalivyowahi kukauka, yanasinyaa, kuta zinashuka kidogo, nyufa zinafunguka, ule udongo au saruji iliyozibwa katikati ya magogo inaachia, milango inagoma kufunga. Sio kwamba nyumba imeharibika, ni mbao inajipanga upya, ila fundi asiyejua atawajengea ukuta wa ndani uliokaza mpaka juu na ule ukuta mpya utajikuta umebeba paa. Ukuta wa ndani unaachiwa nafasi juu, kadhalika juu ya madirisha. Na tafadhali msiyafunike magogo kwa nailoni na jipsamu ili tu paonekane kisasa, unyevu ukinaswa mle ndani hamtauona mpaka siku bisibisi itakapozama. Joto lizuieni kwenye paa na sakafu kwanza, huko ndo linakokimbilia. Umeme utolewe wote uwekwe upya, na kama mnageuza dari kuwa chumba cha kulala basi kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea moto ukiwa kwenye ngazi. Kwenye hilo la dirisha mimi sina mjadala.

Haya, tuje kwenye biashara yenyewe, maana huyo mshauri wenu naona kawaonesha upande mmoja. Wazo hili lilianzia Ulaya miaka ya 1960, Hapimag ya Uswisi ilianzishwa 1963 watu wakichangiana kumiliki nyumba za likizo, baadae likavuka Marekani na zikaja kampuni za kubadilishana wiki, RCI mwaka 1974 na Interval International 1976. Ni wazo zuri, mimi silichukii hata kidogo, familia isiyoweza kununua nyumba nzima inapata yake ya wiki moja. Lakini fanyeni hesabu: mwaka una wiki 52, kawaida moja inaachwa kwa matengenezo, zinabaki 51, mara kabini 20 ni wiki 1,020. Yaani mnaweza kuwa na wamiliki 1,020 wenye funguo, wenye haki ya kupiga kura, na kila mmoja anategemea kukuta paa halivuji mwaka wa kwanza na mwaka wa ishirini. Kwa nyumba ya magogo mimi ningeacha wiki 2 za matengenezo, kupaka dawa na kuziba nyufa hakumaliziki kwa siku 7 na mvua ikinyesha ndo kabisa.

Pesa ya kuuza wiki inakuja mara moja. Inayoiweka nyumba hai ni ada ya matunzo ya kila mwaka, na ndani yake lazima kuwe na fungu la akiba kwa ajili ya paa, karo, barabara, gati. Wauzaji wanapenda kuishusha ada mwanzoni ili wiki zitoke haraka, alafu baada ya miaka paa zote zinachoka kwa pamoja na wamiliki wanaletewa bili ya ghafla, hapo wanaanza kuacha kulipa. Wenye wiki za baridi na matope ndo wanaotangulia kuacha, kwa sababu mara nyingi wanalipa sawa na mwenye wiki ya jua. Na wiki ambazo hazijauzwa nani anazilipia ada? Ni nyinyi. Andikeni hilo kwenye mkataba wazi kabisa, msisubiri kuulizwa.

Na kama mtakopa benki mkaweka ardhi rehani, hakikisheni benki inakubali kwa maandishi kwamba hata nyinyi mkishindwa kulipa, aliyenunua wiki yake hafukuzwi. Bila karatasi hiyo mtakuwa mnawauzia watu kitu ambacho kinaweza kuchukuliwa juu ya vichwa vyao, na hao ni watu wametoa akiba zao.

Kwa moyo wangu wote nawaambia, jaribuni na kabini 3 kwanza, mwaka mzima, baridi na joto, mzipangishe tu kwa kawaida na muandike kila kitu kilichoharibika na kilikula kiasi gani. Hapo ndo mtaijua ada yenu halisi.

SWALI: Si rahisi zaidi kubomoa na kujenga upya?

JIBU: Mara nyingine ndio. Zaidi ya nusu ya magogo ya chini yakiwa yameoza na msingi hakuna, jengeni upya. Ila ulizeni kwanza mamlaka ya mipango ya eneo lenu, kwa sababu sehemu nyingi jengo la zamani lililo karibu na maji linaruhusiwa kubaki lilipo, ukishalibomoa jipya unaambiwa lirudi nyuma mita kadhaa na pengine hapo hapatoshi.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Sisi ni familia ya watu 9, kila mwaka tunakodi kabini ileile, marehemu babu alikuwa anachonga urefu wa watoto kwenye mwimo wa mlango na alama zetu wote ziko pale. Mwaka huu tumekuta kambi inageuzwa taimushea, tukaitwa kwenye kikao kilichochukua masaa matatu, tukaambiwa bei hii ni ya leo tu na wiki ni uwekezaji mzuri. Mama anataka tusaini.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa presha mliyowekewa. Mama namuelewa kabisa, anachokitaka ni ule mlango.

Msisaini kwenye kikao. Bei ya leo tu ikishindwa kuishi mpaka kesho basi haikuwa bei. Nchi za Umoja wa Ulaya sheria inampa mnunuzi siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, na muda huo muuzaji haruhusiwi kupokea hata malipo ya awali, sheria imefika huko kwa sababu vikao vya namna hiyo vimeumiza wengi. Mkiwa nchi nyingine ulizeni siku zenu ni ngapi na zinaanza kuhesabiwa lini.

Neno uwekezaji lifuteni kichwani. Wiki ya taimushea ukienda kuiuza mwenyewe kwa kawaida unapata kidogo sana ukilinganisha na ulichonunulia, wengine wanaigawa bure na haichukuliki kwa sababu ya ada. Inunueni tu kama mtaitumia. Chukueni kodi mnayolipa sasa kwa wiki, mlinganishe na ada ya matunzo peke yake, mkijua kwamba ada huwa inapanda. Ada ikikaribia kodi, endeleeni kukodi. Ombeni hesabu za miaka iliyopita kama zipo, salio la akiba, na muulize haki yenu ni ya miaka mingapi au ni ya milele, maana ya milele watoto wanaweza kuirithi pamoja na ada zake.

Alafu kuna swali ambalo naona hamjaliuliza: wiki mnayouziwa ni ya kabini hiyohiyo na tarehe zilezile, au ni ya kabini yoyote itakayokuwa wazi? Mikataba mingi siku hizi ni ya namna hiyo ya pili, au inatumia pointi, yaani unanunua alama ambazo unazibadilisha kwa siku za kulala. Mnaweza kulipa miaka 30 na msilale tena kwenye kabini ya babu hata siku moja. Na mwimo huo wa mlango, nendeni mkauombe kwa maandishi wiki hii hii, iwe mnanunua au hamnunui. Mafundi wakianza, milango ya zamani ndo inayotoka mwanzo, na fundi hajui zile alama ni za nani.